Mdogo Ndiye Anayeshuka

Haya yalimkuta kaka yangu wa tumbo moja, Gadiel, hapahapa Durban, na mimi nilikuwepo. Nasema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Clairwood wameshayasimulia kwa namna zao, na wengine wameongeza nyoka. Hapakuwa na nyoka.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, joto la Januari limetubandika mashati mwilini. Gadiel alikuwa mpakuaji wa makontena kwenye ghala moja kule Mobeni. Kutwa anabeba makatoni ya vigae, na mgongo ulikuwa umemkaba kiasi kwamba kuvaa soksi ilikuwa shughuli. Mimi nasomea fiziotherapia, na karo yangu ilitoka kwenye mgongo huohuo. Nilikuwa nikimlaza mkekani na kumkanda ile misuli miwili mirefu inayokwenda kando ya uti kutoka nyonga hadi shingoni. Ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia apumzike, naye akanicheka. Mtu wa kontena anapumzika vipi?

"Dogo, vitabu vyako ni vizuri," alisema, "lakini mgongo huu unataka kukanyagwa."

Kwetu nyumbani, aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu huaminiwa kuwa na dawa kwenye nyayo. Unalala kifudifudi, anakupanda kiunoni, anakanyagakanyaga, anashuka, yamekwisha. Bibi yetu alitibiwa hivyo na akarudi shamba kesho yake. Gadiel alikuwa ameulizia mtu wa namna hiyo mji mzima, kumbe yupo kwenye nyumba hiyohiyo tuliyopanga. Sisi tulipanga chumba cha uani, na sebule ya mbele ilikuwa saluni ya Mama Julienne, Mkongo. Msusi wake, Anaïs, dada mpole wa Lubumbashi, alizaliwa miguu mbele.

Gadiel akamwita, naye akaja huku anajifuta mafuta ya nywele mikononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyependa kuja.

"Kaka Gadi, miye sitaki," alisema. "Nilitoka na miguu, c'est vrai, ni kweli. Mais tulikuwa babili."

"Mapacha? Basi hiyo ndiyo dawa kali!" Gadiel alikuwa ameshavua shati na kulala.

"Hapana. Kwetu mapacha banakanyaga bote babili. Mukubwa anapandaka, mudogo anashukaka. Miye njo mukubwa. Dada yangu Grâce alikufa siku ile tulizaliwa. Miye niko wa kupanda tu."

"Dada, panda. Kushuka utashuka mwenyewe, miguu si unayo?"

Tukacheka. Shemeji Atuganile, mke wa Gadiel, alikuwa mlangoni anachambua mchicha, naye akacheka. Ilikuwa mila ya kwetu tukiifanya kwa miguu ya watu wengine, na hakuna kati yetu aliyeona ubaya wowote.

Anaïs akavua ndala. Akapanda. Pingili za mgongo zikalia kwa mpigo, Gadiel akaguna kwa raha. Kisha Anaïs akateremka upesi, akachukua ndala zake mkononi na kutoka bila kuaga. Kaka akasimama, akainama, akagusa vidole vya miguu. Alikuwa na furaha ya mtoto.

"Umeona, daktari?" akanitania. Tukala wali na mchicha, tukalala vizuri.

Kesho yake alirudi kutoka kazini kabla ya wakati.

"Eze," aliniambia, bado anatabasamu, "kuna mtu amesahau kushuka."

Alisema anahisi uzito chini ya kiuno, mahali pawili, padogo. Na kidole cha mwisho cha mguu kilikuwa kimekufa ganzi. Nilimlaza nikamgusa. Ngozi ilikuwa sawa, haina jeraha wala uvimbe. Lakini chini ya ngozi, kwenye nyama ya msuli, vidole vyangu viliingia kwenye kishimo. Kando yake kulikuwa na kingine. Nikavipapasa taratibu. Kisigino. Unyayo. Na mbele, vitundu vitano vidogo kama punje za mahindi.

Zilikuwa nyayo za kichanga.

Sikumwambia. Nilimwambia msuli umechoka, nikampaka dawa ya kuchua, nikajiambia mimi ni mtu wa sayansi. Ninachojua ni hiki: kati ya pingili na pingili hutoka jozi ya neva, na kila jozi ina mkanda wake wa mwili inaoutawala. Katika zile za mguu, ya chini inashika ukingo wa nje, penye kidole cha mwisho. Ya juu yake inashika kidole gumba. Inayofuata inashika ugoko, halafu goti, halafu paja, kinena, kitovu, kifua, hadi unafika shingoni. Ramani hiyo nimeikariri kwa ajili ya mitihani. Ukinitajia mahali palipokufa ganzi, nitakutajia pingili.

Vile vishimo vilikuwa juu kabisa ya neva ya kidole kile cha mwisho.

Wiki ile kidole gumba cha mguu kikafa. Nilipopapasa, vishimo vilikuwa vimesogea pingili moja juu, na vile vya mwanzo havikujaa. Msuli uliokanyagwa ulibaki umebonyea. Kisha ugoko. Kisha goti likaanza kumwangusha, na msimamizi wa ghala akamwambia asirudi mpaka apone.

Tulimpeleka hospitali. Siwezi kuwalaumu, walimpima kila kitu. Walitaja ugonjwa wa neva unaoanzia miguuni na kupanda, wakampa dawa zake, hazikufanya kitu. Picha ya uti wake ilikuwa safi. Niliomba daktari mmoja apapase mgongo. Akapapasa, akasimamisha mkono mahali fulani, akaniangalia. Kisha akaenda kunawa, na hakurudi tena wodini kwetu.

Miguu yote ilipokufa, tulirudi naye nyumbani, nikamfuata Anaïs saluni. Nilimkuta anasuka kichwa cha mteja. Sikumaliza hata sentensi, akaacha kichwa nusu.

"Nilibaambia," alinong'ona. "Si nilibaambia?"

"Njoo umteremshe. Tafadhali, dada."

Alikuja. Gadiel alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye mkeka, hacheki tena. Anaïs akainua mguu, akautua kiunoni mwake. Akauondoa. Akautua juu kidogo. Akauondoa haraka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nafasi haiko," alisema. "Iko mutu."

"Mwambie ashuke! Ni dada yako!"

"Kaka Eze." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ule mutoto hakutembeaka hata siku moja. Kushuka, atajulia wapi? Anajifunza."

Gadiel alisikia. Nilimwona akifumba macho.

Mama Julienne akaleta watu wa kanisa lake. Waliomba siku kadhaa mfululizo, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala. Waliamuru ashuke. Sisi wote tulikuwa tukisema neno hilo moja: shuka, shuka. Atuganile alilisema huku anapika, huku anafua, huku anamgeuza mumewe asipate vidonda. Tulilisema mpaka likaingia kwenye ndoto zetu.

Uzito ukapita kitovu, ukapanda kifuani.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lingine, na hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nampima kwa kiganja changu. Kiunoni, unyayo ulikuwa hauzidi kidole changu. Kwenye mbavu za chini ulikuwa umefika nusu ya kiganja. Katikati ya mabega, ulikuwa unyayo wa msichana anayekwenda shule. Alikuwa anakua. Kila pingili aliyopanda ilikuwa kama mwaka au miaka kadhaa aliyonyimwa, na alikuwa akiichukua kwenye mwili wa kaka yangu. Ule msuli mpana uliomwezesha Gadiel kuvuta katoni kutoka juu ya rafu ulikuwa umekwisha, umekuwa kama kitambaa.

Nilimchukia mtoto yule. Nasema wazi. Nilimchukia, na pia nilimwonea huruma, na vyote viwili havikusaidia chochote.

Mikono ilianza na kidole cha mwisho. Kisha cha kati. Kisha gumba. Gadiel hakuuliza kitu mpaka siku gumba lilipokufa.

"Bado nini, Eze?"

Nikaendelea kumnyoosha vidole.

"Wewe ndiye msomi. Bado nini?"

Nilijua bado nini. Juu ya hapo, shingoni, kuna neva tatu zinazoshuka kifuani na kuvuta kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Bila huo, hakuna pumzi.

"Bado kidogo," nilimwambia. Akaelewa.

Tulimrudisha hospitali wamwekee mashine ya kupumulia. Tulikuwa bado mapokezi. Jua lilikuwa kali, wauza matunda wanapiga kelele nje, mtu mmoja anagombana na mlinzi. Gadiel alikuwa amekalishwa kwenye kitanda cha magurudumu, Atuganile ameketi pembeni yake, amemkumbatia kichwa. Nilikuwa kwenye foleni. Nikaona midomo ya kaka inatafuta hewa. Inafunguka. Inafunga. Hakuna sauti.

Atuganile akageuka kuniita. Akampa mgongo.

Kwa muda huo tu. Alipomgeukia tena, Gadiel alikuwa ameshakufa.

Tulimwosha mimi na Innocent, mzee wa kanisa letu. Nilimwomba anisaidie kumlaza kifudifudi. Sasa zile nyayo hazikuhitaji kupapaswa. Zilionekana kwa macho, mistari miwili ya nyayo kuanzia matakoni, ndogo, kubwa zaidi, kubwa zaidi. Innocent alianza sala akaisahau katikati. Juu kabisa, kwenye shingo, palikuwa na unyayo wa mwanamke mzima. Saizi ya Anaïs. Wa kushoto.

Niliutafuta wa kulia. Nilitafuta nyuma ya kichwa, chini ya nywele, mabegani. Nilimgeuza kaka yangu mara mbili kama mwizi. Haukuwepo. Nikajiambia, basi, ameshuka. Tumesema shuka, na ameshuka. Nililia kwa mara ya kwanza, na katika kilio kile palikuwa na kitu kama nafuu.

Baada ya maziko watu walitawanyika. Mchana ule Atuganile alikuwa anaosha masufuria ya msiba uani. Aliinama kuchukua beseni, akasita, akaweka mkono kiunoni.

"Shemeji," aliniita. "Hebu niangalizie hapa. Tangu siku ile hospitali, pananiuma kama pamekandamizwa."

Aligeuka, akapandisha blauzi kidogo juu ya kanga. Sikuhitaji kumgusa.

Ulikuwa unyayo wa kulia. Wa mwanamke mzima.

"Vidole vya mguu vinahisi?" nilimwuliza.

Akajaribu kuvichezesha ndani ya ndala. "Vinahisi. Isipokuwa hiki cha mwisho. Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu, shemeji," nilimwambia, nikamshushia blauzi.

Vidole vya ule unyayo vilikuwa vimeelekea juu.