Sauti Nyuma ya Kanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Apolonia alimpelekea mama yake mdogo uji na kikombe cha maji. Mama mdogo Jovina alimeza kidonge chake, akaketi barazani kwenye cherehani na kuanza kushona sare za watoto wa Kipawa, mtaa wao ulio jirani na uwanja wa ndege. Miaka miwili iliyopita alikuwa akisikia sauti ambazo hazikuwepo, hata akalazwa hospitali. Apolonia hakuwahi kumwambia rafiki yeyote habari hiyo.

Siku ya wazazi ilipokaribia, darasa la sita lilipewa igizo kuhusu ugonjwa wa akili, na Apolonia akapangiwa kuwa mgonjwa. Mazoezini alijifunga makopo kiunoni, akacheka ovyo na kutafuna karatasi. Wenzake walivunjika mbavu.

"We noma!" alisema Nurdin. "Kichaa kabisa!"

Apolonia akavimba kichwa. Jioni alimpelekea mama mdogo gauni lake kuukuu.

"Shikamoo, mama mdogo. Naomba unichaniechanie hili, uweke na viraka. Ni la igizo."

"Marahaba. Igizo la nini?"

"La... ombaomba."

Maskini, alisahau kwamba karatasi ya igizo ilikuwa mfukoni mwa gauni. Mama mdogo aliitoa, akaisoma mpaka mwisho, makopo na yote. Apolonia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mie nilijifungaga makopo, Apolonia?"

"Hapana. Nisamehe, mama mdogo." Machozi yalimtoka.

"Nilivaa vizuri, nikaenda sokoni, nikasalimia watu. Sauti ilikuwa hapa, nyuma ya sikio, ikiniambia majirani wameniwekea sumu. Niliisikia kama unavyonisikia sasa. Sauti haikuwepo, mwanangu, lakini hofu ilikuwa ya kweli." Alikunja ile karatasi. "Nilitamani sana kuja kukuona. Ila siwezi kukaa pale watu wakiucheka ugonjwa wangu."

"Tukibadilisha, utakuja?"

"Badilisheni kwanza."

Kesho yake Apolonia alimweleza Mwalimu Hamisa kila kitu, hata uongo wake. Walilipanga igizo upya. Naye mama mdogo alilishona lile gauni vizuri, akalipiga pasi, lakini hakusema kama atakuja.

Siku ilipofika, Apolonia alipanda jukwaani akiwa nadhifu, akaketi kula. Nurdin, aliyejificha nyuma ya kanga iliyotundikwa, akanong'ona kwa nguvu: "Usile! Wametia sumu!"

Watazamaji wote walimsikia. Waigizaji wengine waliendelea kula kama kawaida. Apolonia akasukuma sahani, akarudi nyuma. Mzazi mmoja alianza kucheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Ndege ikapita juu, wakaingoja ipite kama walivyozoea. Kisha msichana aliyeigiza kama dada yake akamshika mkono.

"Mie siisikii hiyo sauti," alisema, "lakini naona unaogopa. Twende wote hospitali."

Makofi yalipopungua, mwanamke mmoja alisimama safu ya nyuma. Moyo wa Apolonia ulipiga kwa furaha.

"Mie ndiye niliyesikia sauti ile," alisema mama mdogo Jovina. "Natumia dawa, na sare nyingi mnazoziona hapa nimezishona mie. Mwanangu ameigiza ukweli."

Mwalimu Hamisa aliwageukia wanafunzi wake. "Igizo tumelitunga, lakini wagonjwa wapo, na wengine ni ndugu zetu. Tukiwacheka watajificha. Tukiwasikiliza watatibiwa. Na tusingejua hayo kama Apolonia asingethubutu kusema ukweli."

Asubuhi iliyofuata, Nurdin alikuwa barazani na shati lake la shule lililochanika.

"Shikamoo, mama mdogo. Utanishonea?"

"Marahaba. Lete nilione," alisema mama mdogo Jovina, akameza kidonge chake na kuvuta kiti.