Vijiti Vilivyofungwa Uzi Mwekundu

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kwenda shule, Itto alikung'uta theluji kwenye kuni na kuzipeleka kwa dada yake, Tuda, aliyewasha jiko la chuma sebuleni. Babu yao, Mzee Moha, alikaa kando ya jiko hilo na bilauri ya chai ya nanaa, akilalamika kwamba kuni za mwaka huu zina moshi unaoliza. Kuni zenyewe zilikuwa za mtofaa uliopandwa na marehemu bibi yao. Theluji ya juma lililopita ilikuwa imeuangusha.

Siku mbili kabla haujaanguka, Itto aliupiga picha kwa simu ya baba yake. Mwalimu Rkia alikuwa amewataka wanafunzi wapige picha ya mti usio na majani, kisha wautengeneze upya juu ya ubao kwa vitu vya msimu.

"Okoteni vilivyoanguka tu," alisisitiza. "Msikate wala msichume."

Itto aliokota maganda ya jozi, magamba ya mwerezi na kuvumwani mbichi, ile mimea laini inayotanda juu ya mawe. Alikosa matawi yaliyonyooka. Ndipo, nyuma ya nyumba, upande usiofikiwa na jua, alipoona ncha za vijiti zikichomoza mchangani. Vilikuwa kumi na viwili, vyekundu kama shaba, vimefungwa kwa uzi mwekundu wa sufu. Alijiambia kwamba vilikwisha kukatwa, basi ni sawa na vilivyoanguka. Hata hivyo vidole vyake vilisita kwenye fundo, kwani kijiti kilichoanguka hakijifungi uzi. Alilifungua, akavitumia vijiti kuunda mti wake ubaoni.

Mti wake ulitundikwa katikati ya ukuta wa darasa, chini ya picha. Wazazi walialikwa kuja kuutazama siku iliyofuata.

Jioni hiyo babu aliingia sebuleni mikono ikiwa imejaa mchanga.

"Tuda! Vijiti vyangu viko wapi?"

"Vijiti gani, babu? Siku hizi hata kuni zina wenyewe?"

"Vya mtofaa wa bibi yako! Nilivizika mchangani vilale hadi majira ya machipuko, nivipandikize kwenye miche mingine, mti wake uote tena. Wewe huwasha moto kwa chochote unachokiona!"

"Wallahi sikuvigusa!"

"Juzi ulichoma fimbo yangu."

"Ilikuwa imevunjika, babu!"

"Ilikuwa inapumzika!"

Hakuna aliyecheka. Babu aliketi, akautazama moto. "Basi bibi yenu amekufa mara ya pili," alisema taratibu.

Tuda alitoka akilia. Itto aliusukuma kando mkate wake wa shayiri. Nafsi ilimsuta. Alikwenda kulala mapema.

Asubuhi Tuda alipokea kuni macho yamemvimba. Itto hakustahimili tena.

"Babu, si Tuda. Ni mimi. Viko shuleni."

Babu hakupaza sauti. "Uliuona uzi?"

"Ndiyo, babu."

"Ukaufungua?"

"Ndiyo."

"Vaa koti. Twende."

Darasani wazazi walikuwa wamekwisha kufika. Itto aliutungua ubao mwenyewe, akawaambia wote kwamba vijiti vile hakuviokota. Babu alikwaruza gome la kila kijiti kwa ukucha. Vipande alivyovikata Itto vilikuwa vimekauka. Ndani vilikuwa vya hudhurungi, kimoja baada ya kingine. Kilibaki kijiti kilichotumika kama shina, ambacho Itto alikiacha kizima na kukichomeka katika kuvumwani aliyoilowesha ili isinyauke. Babu alikikwaruza. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani.

"Macho matatu ya kuchipua," alinong'ona. "Miche mitatu."

Ukutani ilibaki picha peke yake.

Waliporudi nyumbani, babu alimwomba Tuda radhi kabla hata ya kuvua viatu. Majira ya machipuko yalipofika, mche mmoja ulikauka, miwili ikatoa majani. Babu alimpa Itto uzi mwekundu aufunge kwenye miche hiyo.

"Mjukuu wangu," alisema, "kutojua si kosa. Lakini wewe ulijua nusu, ukaogopa kuuliza nusu iliyobaki, kisha ukamwachia dada yako aibu yako. Ukiona fundo, ujue yupo aliyelifunga. Mtafute, umuulize."

Itto aliinama, akafunga fundo lake polepole. Tuda alikuwa kando yake, ameishika miche isitikisike.