Meza ya Mataruma

Haya yalimkuta rafiki yangu Lusekelo, anayehamishia watu vyombo kwa gari lake, mchana kweupe kule ughaibuni, katika mji wa Falls Church. Mzungu mmoja mzee alimwita akachukue meza kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Meza yenyewe iliundwa kwa mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, yaliyotolewa Rodesia enzi za ukoloni.

"Reli ile aliijenga babu yangu," mzee akajigamba. "Peke yake, porini."

Lusekelo akacheka puani. "Na mataruma aliyabeba nani?"

"Ah, wale! Walikuwepo tele," mzee akajibu, akipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Hapohapo taa ikazimika, likawa giza totoro. Kwa jinsi alivyomdharau mzee yule, Lusekelo hakutaka hata kungoja taa iwake. Akainama, akainua upande wake wa meza. Upande wa pili nao ukanyanyuka. Akasikia watu wakihema kwa pamoja, na nyayo za peku zikikwaruza sakafu.

"Shika vizuri, mzee," akasema.

"Mimi niko huku ngazini," sauti ikajibu kutoka juu, "natafuta swichi."

Taa ikawaka. Upande wa pili wa meza ulikuwa bado juu, usawa wa bega, na hapakuwa na mtu.