Sifongo Iliyofuliwa Mno

Dobi hakuwa na mchezo na uchafu. Mtaa mzima ulimwita kwa jina hilo la kazi yake, na kazi yenyewe aliiweza. Shuka lililoingia kwake na doa la chai lilitoka jeupe pe. Hata kamba za kuanikia nguo alizifuta kila asubuhi. Watu walimcheka, naye aliwacheka wao na kola zao nyeusi.

Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wanane. Lililetwa na madereva waliofanya kazi na mumewe, siku alipotoka hospitali na nyonga iliyovunjika. Mume alikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini. Sasa alishinda kwenye kiti, na samaki wale ndio waliomchangamsha. Mnene kuliko wote alimwita Bosi. Yule asiyetulia alimwita Utingo, kama msaidizi wake wa zamani kwenye lori.

"Utingo leo kanuna," alimwambia mkewe. "Nadhani Bosi hajamlipa."

Dobi alicheka huku akikunja nguo. Mume akiongea hivyo, alimaliza hata mazoezi ya kutembea aliyopewa na daktari.

Kila Jumamosi Dobi alisafisha chujio la tangi. Ndani ya chujio mlikuwa na pampu ndogo iliyovuta maji na kuyapitisha kwenye sifongo. Sifongo hiyo aliikuta ya kahawia, ina utelezi. Dobi aliguna. Aliifua kwa sabuni, akailoweka kwenye dawa ya madoa, akaisuuza kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Ndipo akairudisha.

Ajabu ni kwamba kila ikifika Jumatatu, maji yalikuwa na ukungu. Samaki walipanda juu, wakahema. Mara mmoja amekufa, mara wawili. Dobi aliona dawa yake ni kuongeza usafi, akaisugua sifongo zaidi. Katika miezi miwili, wanane wakawa watatu. Halafu Bosi naye akaelea tumbo juu, na mwenzake mmoja akafuata siku ileile. Akabaki Utingo peke yake.

Mume aliwatazama wale wawili wakielea.

"Usininunulie wengine," alimwambia mkewe. "Huyu naye akifa, litoe hilo tangi. Siku hizi kila ninachokishika kinaharibika. Lori nililiangusha. Samaki ninawalisha, wanakufa."

"Usiseme hivyo, mume wangu."

"Niseme nini basi?"

Tangu siku ile aliacha mazoezi. Fimbo yake ya kutembelea ilibaki mlangoni. Dobi alifua huku moyo unamuuma. Samaki wangeweza kununuliwa sokoni, lakini mume aliyekata tamaa angemnunua wapi?

Jumatatu iliyofuata, Utingo alikuwa juu ya maji, mdomo wazi. Dobi alitupa shuka alilokuwa analikamua, akakimbilia nyumba ya pili. Huko alikaa Bi Mabomba, fundi wa mtambo wa kusafisha maji machafu ya mji. Alimkuta anavaa mabuti ya kazini.

"Jirani, nisaidie! Samaki anakufa."

Bi Mabomba aliingia na mabuti yake, na kwa mara ya kwanza Dobi hakujali sakafu. Fundi aliinama mbele ya tangi. Akatazama sifongo nyeupe iliyokuwa ikionekana ndani ya chujio.

"Hii ni mpya?"

"Hapana. Ina miezi mitatu," Dobi alijibu kwa fahari kidogo. "Naifua mwenyewe kila Jumamosi. Sabuni, dawa ya madoa, maji ya bomba."

Bi Mabomba alijishika kiuno. "Mama wee! Umeua wafanyakazi wote."

"Wafanyakazi gani?"

"Keti nikwambie. Samaki anakunywa humo, anakula humo, na choo chake ni humo humo. Uchafu wake unatoa sumu inayoitwa amonia. Huioni kwa macho. Sasa kwenye sifongo wanaishi bakteria wanaoigeuza sumu hiyo, isiwadhuru samaki. Hata kwetu mtamboni ni hivyo hivyo. Bakteria ndio vibarua wetu, sisi tunasimamia tu."

"Kumbe ule utelezi..."

"Ndiyo makao yao. Sabuni inawaua. Dawa ya madoa inawaua. Hata maji ya bomba, kwa sababu yametiwa klorini."

Dobi alitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha, na leo aliionea haya. Pale kwenye kiti, mume alikuwa amegeuza shingo, anasikiliza. Dobi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Chakula chako hakina kosa. Mkono wako hauna kosa. Ni mimi niliyewaua, tena kila Jumamosi."

Mume alimtazama. Machozi yalimlengalenga, na papo hapo akaanza kucheka kwa sauti iliyokauka.

"Miezi yote hii nimejilaumu bure! Mwanamke wewe, umewafua samaki wangu!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, mwalimu, tufanyeje? Utingo bado anahema."

Bi Mabomba aliona ndoo ya maji safi iliyokaa wazi tangu juzi. "Haina sabuni? Vizuri, na klorini yake imeshapungua. Chomoeni kwanza umeme. Mtu hatii mkono kwenye tangi pampu ikiwa kwenye umeme." Walitoa robo ya maji ya tangi, wakatia maji ya ndoo kiasi hicho hicho, polepole. "Fanyeni hivi kila siku kwa sasa. Chakula kiwe kidogo sana. Na kwa muuza samaki wa mapambo kuna dawa ya kuondoa klorini, hiyo ni ya uhakika kuliko kuacha maji wazi. Mkiwa huko, mwombeni sifongo chafu."

"Chafu?" Dobi aliuliza, kama ametukanwa.

"Chafu, kutoka tangi lenye samaki wazima. Vibarua wapya watoke humo. Mkisubiri waje wenyewe, ni wiki nyingi."

Muuza samaki alicheka mpaka akashika meza. "Dobi ananiomba uchafu!" Lakini alimpa sifongo, imo ndani ya mfuko wa maji ya tangi isije ikakauka. Dobi aliibeba kwa mikono miwili. Waliiweka kwenye chujio karibu na ile nyeupe.

Siku ya nne Utingo alishuka chini, akaanza fujo zake. Mume alimwita mkewe kwa sauti iliyofika uani.

Sasa kazi ya chujio ni ya mume. Hangoji Jumamosi. Anangoja maji yanayotoka kwenye chujio yapungue nguvu, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Anachomoa umeme. Anateka maji ya tangi katika beseni lisilojua sabuni, anaibinya sifongo moja humo mara tatu nne, na kuirudisha upesi. Ya pili huiacha mpaka wiki nyingine. Pampu huisugua kwa mswaki mdogo. Kazi yote huifanya kwa kusimama, fimbo akiwa ameiegemeza ukutani. Samaki wamefika saba.

Juzi alikuja mteja kuchukua mashuka yake. Aliona beseni na sifongo ya kahawia, akakunja uso.

"Dobi mzima, kitu kama hicho ndani ya nyumba yako? Nipe nikulowekee kwenye sabuni."

Dobi alimzuia mkono kabla haujafika.

"Usiguse," alisema. "Humo mna watu kazini."