Daktari Alipouzuia Mkasi

"Hivi mfuko wa nyongo unapitaje kwenye tundu la kifungo?" jirani alimwuliza fundi cherehani siku moja, huku akicheka.

Fundi cherehani hakujua. Alichojua ni kwamba mawe ya nyongo yamemtesa mwaka mzima, na daktari angemtoboa matundu manne madogo autoe mfuko. Siku ya kuweka sahihi kwenye karatasi ya kukubali upasuaji, mume wake, fundi bomba, alimharakisha.

"Weka tu, mke wangu. Matundu manne, kesho uko nyumbani."

Akaweka. Hakuna aliyesoma.

Alipozinduka, alikuta mshono mrefu chini ya mbavu za kulia, na mrija wa plastiki wa kutoa majimaji ubavuni.

"Haya ndiyo matundu?" mume akafoka. "Mbona hili ni zipu! Huyu daktari au mchinjaji? Vaa, twende zetu."

"Niende wapi na mrija huu, baba watoto? Dada nesi, hebu tueleze."

Nesi akavuta kiti. "Baba, nyongo hutoka kwenye ini kwa mirija. Mfuko nao una mrija wake mdogo, ndio unaokatwa. Kwa watu wengi, daktari anajua pa kuukuta. Kwa mama, mrija mmoja wa ini umepita ubavuni mwa mfuko. Kwenye kamera iliyoingizwa tumboni ulifanana na ule wa kukatwa. Daktari akauzuia mkasi, hakukata. Akaingiza dawa ya rangi, akapiga eksirei. Bado hakuridhika, ndipo akapasua aone vizuri."

"Si walimpiga picha kabla?"

"Ile ilionyesha mawe. Mirija midogo mara nyingi hujificha. Angekata kwa kubahatisha, nyongo ingemwagika tumboni. Na habari ya kupasua imo kwenye karatasi mliyoweka sahihi."

Akawasomea. Fundi bomba akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemharakisha," akasema.

Mke akabaki wodini. Siku ya tano mrija wa plastiki ulitolewa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Safari hii aliuliza kila kitu kabla ya kushika kalamu na kuweka sahihi karatasi ya kutoka.

"Homa, maumivu makali, macho ya manjano, au mkojo kama chai ya rangi," nesi alisema, "rudi siku hiyo hiyo."

Mume akayarudia yote mara mbili.

Baada ya wiki sita mke alikuwa anashona na kula vizuri, akimshukuru Mungu. Wakaenda kliniki. Daktari alimkagua, akaridhika. Fundi bomba alikuwa bado amesimama.

"Daktari, siku ile nilikutukana."

"Nilisikia. Kuta zetu nyembamba."

Fundi bomba akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akakaa nao kitambo. Kisha akatoka na mke wake.