Geti la Wasichana

Walikutana kantini wakati wa msongamano wa mchana, wote wawili wameshika kiti kimoja. Binti alisomea famasia. Alivaa koti jeupe la maabara juu ya gauni la njano. Kijana alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi, shati limenyooka kama limetoka dukani.

"Mwenyekiti mzima huna kiti?" binti akamtania.

Kijana akacheka, akamwachia, akala amesimama. Tangu hapo simu zao hazikupoa.

Kilichomkera binti ni geti. Bweni la wasichana lilifungwa giza likianza tu, lakini wavulana waliingia na kutoka watakavyo. Kila jioni aliacha majaribio yake nusu akakimbilia bwenini, huku wavulana wa darasa lake wakibaki maabara wakiendelea. Mwenyekiti alimwahidi kwamba atalipigania jambo hilo kwenye kikao na uongozi wa chuo.

Kikao kilipokwisha, binti akaletewa habari na rafiki yake wa chumbani: kura ya mwenyekiti ndiyo iliyofanya geti liendelee kufungwa. Binti alidhani ni uzushi. Akampigia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mpenzi. Lakini nisikilize."

Akamweleza kwamba tangu binti alipomwambia kuna mtu alimfuata kwenye njia ya maabara, roho yake haikutulia. Pale kikaoni alimwaza yeye gizani, mkono ukanyanyuka wenyewe.

Binti alikaa kitandani na simu sikioni. Alitaka kumgombeza, machozi yakamtangulia. Alitaka kumshukuru, akalikumbuka geti. Anayempenda kiasi hicho ndiye aliyemfungia mlango. Sasa amchukie au amwonee huruma?

"Mfungie huyo anayenifuata," alisema hatimaye. "Mimi usinifungie."

Akakata, na hakupokea tena simu zake.

Mwenyekiti naye alichanganyikiwa. Alimweleza dada yake, muuguzi ambaye mara nyingi hutoka zamu usiku. Dada akamuuliza, "Na mimi unataka kunifungia ndani?"

Kwenye mkutano wa wanafunzi wote alikiri kwamba alikosea. Kisha akapendekeza kwamba, kama giza ni hatari, geti la wavulana nalo lifungwe saa ileile. Ukumbi ukachafuka. Wavulana ambao hawakuwahi kufungua mdomo mikutanoni walisimama kudai uhuru wao, na wasichana wakasimama nao. Kabla muhula haujaisha, mageti yote yaliachwa wazi, na njia ya maabara ikawekewa taa na walinzi. Wavulana hawakumsamehe, uchaguzi uliofuata walimwangusha.

Jioni moja binti alimkuta amekaa kwenye benchi nje ya maabara.

"Umekuja kunilinda au kuniona?"

"Sijui kuyatenganisha," akasema. "Nifundishe."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na nimekumisi. Sijui niyaweke wapi yote mawili." Akavaa koti lake. "Nina kazi ndefu. Ukitaka kukaa, kaa. Ukichoka, nenda, nitarudi mwenyewe."

Alipotoka, alimkuta amesinzia palepale, kichwa kimelalia bega, mdomo wazi. Akasimama akimtazama, asijue acheke au alie. Kisha akamwamsha taratibu, akamshika mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni pa bweni la wavulana, akarudi bwenini kwake peke yake.