Kidole Kwanza, Gitaa Baadaye

Fanuel ni mpiga gitaa. Anaishi Ngarenaro, mjini Arusha. Ukimuuliza mtu wa mtaa ule nyumba ya Fanuel iko wapi, naye atakuuliza kwanza kama unataka kuoa. Sendofu ya kumuaga bibi harusi bila gitaa la Fanuel, watu husema, ni chakula tu. Wimbo akiusikia mara moja, anaupiga. Hajawahi kutumia karatasi ya noti za muziki, na hapendi hata kuiona.

Mke wake, Evaresta, ni fundi cherehani. Hushona sare za shule barazani kwake. Mtoto wao, Aikande, ana miaka minane na yuko darasa la pili. Jioni baba hupiga gitaa, mama hukanyaga cherehani, mtoto huimba. Ilikuwa nyumba ya furaha, ingawa jirani mmoja alianza kuziba masikio kwa pamba.

Siku moja ya mwezi wa nane, Evaresta alirudi kutoka shuleni uso umemshuka. Hakwenda kwenye cherehani. Alikaa karibu na mumewe.

"Baba Aika, mwalimu wa darasa ameniita. Yule Mwalimu Agnela. Anasema mtoto hajui kusoma."

"Aikande? Huyu anayejua nyimbo zangu zote?"

"Nyimbo siyo kusoma. Mwezi wa kumi na moja watapimwa. Asipoweza, atarudia darasa. Wenzake wataenda la tatu, yeye atabaki na wadogo zao."

Fanuel alimtazama mtoto akikwepa mpira wa rede uani. Iliuma. Lakini mtu mwenye gitaa haumwi na jambo muda mrefu.

"Usiwe na presha, Mama Aika," alisema. "Nipe wiki mbili."

Alichukua kitabu cha kusoma cha Aikande, akakitungia nyimbo. Ukurasa wa kuku aliupa mdundo wa haraka. Ukurasa wa mama sokoni aliupa mdundo wa taratibu. Kila jioni walikaa barazani. Aikande alishika kitabu, baba akaongoza, wakaimba ukurasa kwa ukurasa. Watoto wa majirani walisikia, wakaja mmojammoja, mpaka wakawa kumi na wawili.

Wiki mbili zilipokwisha, Aikande aliweza kitabu chote. Aligeuza kurasa mahali panapotakiwa, bila kukosea. Fanuel alijiona ameshinda. Akaenda kumwita jirani yake, Mwalimu Salha, mwenyeji wa Kondoa, ambaye amefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini katika shule nyingine ya mjini.

"Mwalimu, njoo uone kazi," alimwambia. "Ninyi mna vyeti, mimi nina nyuzi sita."

Mwalimu Salha alikuja, akaketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Aikande.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee."

Gitaa likalia. Aikande akaimba kitabu kuanzia jalada mpaka jalada. Fanuel alitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Una sauti nzuri," alisema Mwalimu Salha. "Sasa anzia hapa." Aliweka kidole katikati ya ukurasa.

Aikande alikitazama kile kidole. Midomo yake ikaanza kucheza. Aliimba chinichini kutoka mwanzo wa ukurasa, upesi upesi, mpaka alipodhani amefika pale. Ndipo akapaza sauti.

Mwalimu Salha alifungua ukurasa mwingine, akaifunika picha kwa upindo wa mtandio wake. "Na hapa?"

Aikande alimtazama baba yake. Mkono wa Fanuel ukaanza kwenda kwenye nyuzi.

"Acha gitaa, Baba Aikande," alisema Mwalimu Salha.

Aliomba chaki ya kukatia nguo kwa Evaresta. Akaandika neno moja kwenye sakafu: KUKU. "Neno hili umeliimba mara sita sasa hivi. Ni neno gani?"

Aikande aliinamia sakafu.

"Mama?" alibahatisha Aikande. Kisha akajua amekosea, akakimbilia ndani akilia.

Fanuel aliliweka gitaa chini. "Kumbe nimempumbaza mwanangu. Kuanzia leo hili gitaa litalala uvunguni."

"Keti kwanza," alisema Mwalimu Salha. "Muziki haujakosa. Wewe ulitangulia, yeye akakufuata kwa masikio. Macho yake hayakupewa kazi. Amekariri, na kukariri si dhambi, ila si kusoma."

"Wewe umejuaje upesi hivyo?"

"Nilikuwa hivyohivyo kwenye chuo cha Kurani, nikiwa mdogo. Nilikariri sura zote kwa sauti tamu, nikajiona msomi. Siku moja maalimu akafungua katikati, akaniambia, anzia hapa. Nilitokwa na jasho mpaka miguuni."

Fanuel alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikumbuka jambo la zamani. Baba yake, Mzee Ndesanjo, alikuwa mwalimu wa kwaya kijijini kwao, Nkoaranga. Fanuel alipokuwa na miaka kumi na miwili, alisimama na wanakwaya akiwa na karatasi ya noti mkononi. Hakuijua hata noti moja. Alimsikiliza wa pembeni, akaimba kama yeye. Siku moja baba yake aliweka kidole katikati ya karatasi, akasema, "Imba hapa, peke yako." Fanuel alinyamaza. Kwaya nzima ilicheka. Siku ile aliacha kwaya, na karatasi ya wimbo hakuishika tena.

Alimsimulia Mwalimu Salha yote. "Hata mke wangu sijawahi kumwambia," alimalizia.

"Mimi najua tangu wiki ya harusi," alisema Evaresta kutoka kwenye cherehani. "Mama yako aliniambia."

"Basi unajua anavyojisikia mtoto aliyeko ndani," alisema Mwalimu Salha. "Kesho tuanze upya. Na gitaa liwepo."

Kesho yake Mwalimu Salha alikuja na maboksi matupu. Evaresta aliyakata kwa mkasi wake yakawa kadi ndogo. Watoto wote kumi na wawili walikuwepo. Aikande alikaa nyuma kabisa.

"Aikande, unapenda chakula gani?" aliuliza Mwalimu.

"Machalari," alijibu kwa sauti ndogo. Hakuna mtoto wa Kimeru asiyependa ndizi zile za kupikwa na nyama.

"Tulipigie makofi neno hilo."

Wakapiga: ma, cha, la, ri. Makofi manne. Mwalimu aliandika kila silabi kwenye kadi yake, akazipanga kadi nne mkekani.

"Kofi moja, kadi moja," alisema. "Sasa sheria. Mtoto anagusa kadi kwa kidole, anaitamka. Ndipo Baba Aikande anapiga uzi mmoja. Si kabla."

"Na nikijisahau?" aliuliza Fanuel.

"Tutakufunga mikono."

Watoto walicheka. Aikande alisogea, akagusa kadi moja moja, na gitaa likamfuata. Mwalimu akaziondoa kadi mbili za mwisho. Mbili zilizobaki akazibadilisha, ya nyuma ikaja mbele.

"Na sasa?"

Aikande alikunja uso. Fanuel alitaka kumsaidia. Mwalimu Salha alimwinulia kidole akae kimya. Aikande akaweka kidole kwenye kadi ya kwanza.

"Cha," alisema Aikande. Uzi ukalia. "Ma." Uzi ukalia. "Chama." Alishtuka mwenyewe. "Mwalimu, chama kilikuwa ndani ya machalari?"

"Yamo maneno mengi humo. Utayatoa yote," alisema Mwalimu Salha.

Kabla ya kuondoka alimweleza Fanuel vizuri. "Robo saa kila siku inatosha. Usimpe mtoto neno, mpe muda. Badilisha kadi kila mara ili masikio yasifanye kazi ya macho. Akishazijua silabi, atunge wimbo wake mwenyewe, uandikwe, auchoree picha, kisha ausome. Mtoto husoma kwa hamu maneno yaliyotoka kwake."

Kusema ni rahisi. Wiki ya kwanza Aikande aliichukia kazi ile. Alikuwa amezoea kuwa nyota wa baraza, na sasa alikwama kila hatua. "Nyimbo za kwanza zilikuwa tamu, baba," alilalamika. "Hizi kadi zinagoma."

Lakini aliyeteseka zaidi ni Fanuel. Miaka yote ameongoza, watu wakamfuata. Sasa alitakiwa kumsubiri mtoto wa miaka minane. Vidole vilimwasha. Alipowahi kupiga, watoto wote walimkemea kwa pamoja: "Kidole kwanza!" Alikemewa siku sita mfululizo. Siku ya saba alijifunza.

Mwezi wa kumi ulipoingia, watoto walianza kutunga. Mmoja alitunga wimbo wa mbuzi wa mjomba wake wa Oldonyo Sambu. Aikande alitunga huu, akauandika mwenyewe kwenye boksi:

Cherehani ya mama
inakula uzi.
Inakula, inakula,
wala haishibi.

Aliusoma kwanza bila gitaa, kidole kikipita chini ya kila neno. Kisha baba akautia muziki. Evaresta aliubandika ukutani juu ya cherehani yake, na wateja walilazimika kuusoma wapende wasipende.

Siku moja Evaresta alimtuma dukani kununua chumvi. Aikande alichelewa. Aliporudi, alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Mama, ule ukuta wa fundi baiskeli umeandikwa, usitupe taka hapa."

"Nani amekuambia?"

"Nimesoma. Na wewe hutupa palepale."

Evaresta hakujua acheke au aone aibu. Akamkumbatia, na chumvi ikamwagika nusu.

Mwezi wa kumi na moja watoto wa darasa la pili walipimwa. Mwalimu mgeni, ambaye hakuna aliyemjua, aliwaita mmoja mmoja na kuwapa hadithi ambayo hawajawahi kuiona. Fanuel alisimama nje ya uzio wa shule asubuhi nzima. Siku ile alikataa hata kazi ya sendofu.

Baada ya siku chache, Mwalimu Agnela aliwaita wazazi wote wawili.

"Aikande ataenda la tatu," alisema. "Amesoma hadithi yote. Alipokwama, alikuwa anagonga meza taratibu, kisha anaendelea. Na watoto wengine watano wa mtaa wenu wanagonga meza hivyohivyo. Wote wameweza. Niambieni, huko Ngarenaro mnawafanya nini?"

Fanuel alimweleza habari za makofi, kadi na gitaa. Mwalimu Agnela alisikiliza, akatoka, akarudi na mwalimu mkuu.

"Tunao watoto wengi waliokwama," alisema mwalimu mkuu. "Mwakani uje kila Jumanne na Alhamisi asubuhi. Ufundishe pamoja na Mwalimu Agnela."

"Mimi si mwalimu," alisema Fanuel.

"Ualimu tutakuonyesha. Wewe lete gitaa na maboksi."

Fanuel alilia palepale mbele ya walimu, na hakuona haya. Mwalimu Salha alipopata habari, alipiga vigelegele mpaka jirani wa pamba akatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Krismasi familia ilipanda Nkoaranga kwa wazazi wa Fanuel, naye Fanuel amebeba gitaa lake. Mzee Ndesanjo alikuwa amekaa kwenye kibaraza, migomba na mibuni imemzunguka, daftari lake kuukuu la nyimbo mapajani. Macho yake yalikuwa makali bado.

"Nimesikia unafundisha watoto kusoma," alimwambia Fanuel. "Wewe."

"Ndiyo, baba."

"Huyu naye si anakariri kama wewe?" Hakungoja jibu. Alilifungua daftari katikati, akaweka kidole kwenye mstari. "Wimbo huu nimeutunga mvua zilizopita. Hakuna aliyewahi kuusikia. Njoo, mjukuu wangu. Soma hapa."

Fanuel alikijua kile kidole. Mkono wake ukaenda kwenye nyuzi. Evaresta aliweka chini sahani aliyokuwa ameshika. Aikande aligeuka kumtazama baba yake, kama alivyomtazama siku ile barazani.

Fanuel aliondoa mkono wake kwenye nyuzi. "Kidole kwanza," alimwambia.

Aikande aliinama juu ya daftari. Mwandiko wa babu ulikuwa wa zamani, umelala upande. Aligonga goti lake mara mbili.

"M-li-ma," alisoma. "Mlima u-me-va-a wi-ngu. Mlima umevaa wingu." Akavuta pumzi. "Wenye shamba, tushike jembe."

"Soma tena," alisema Mzee Ndesanjo.

Akausoma tena, safari hii bila kukwama, na bila kuambiwa akausoma mstari uliofuata, na uliofuata huo, mpaka ukurasa ukaisha.

Mzee alivua miwani. Aliifuta muda mrefu.

"Fanuel," alisema, "siku ile kwenye kwaya nilikuaibisha. Nilipaswa kukufundisha. Huyu umemfundisha."

Aikande alimvuta babu mkono.

"Babu, huu wimbo unaimbwaje?"

Mzee Ndesanjo alikohoa, akaanza. Sauti yake ilikuwa imezeeka lakini haikupotea njia. Aikande alirudisha kidole kwenye neno la kwanza. Fanuel alilipakata gitaa lake na kusubiri. Kidole kilipogusa neno, akapiga.